Shujaa Asiye na Nguvu: Uzuri na Udhaifu wa Filamu ya Supa Modo

Kabla ya kuwasha kompyuta niliwauliza watoto swali moja tu: shujaa ni nani? Walikuwa saba, wa kwetu na wa majirani, wamebanana kwenye mkeka sebuleni, mvua ya Jumapili ikipiga bati. Wa kwanza alisema askari. Sikushangaa, kwa kuwa tangu Mei 2021 mtoto wa Ituri amekua akiona mkoa wake ukitawaliwa kijeshi. Wa pili alisema Jackie Chan. Wengine walitaja wachezaji wa mpira, mmoja akamtaja Lumumba, na wa mwisho akamtaja baba yake aliyeko machimboni Mongbwalu. Majibu saba, wanaume saba. Na kati ya hao waliojibu, wanne walikuwa wasichana.

Sikuwa nafanya utafiti. Nilitaka tu kujua naanzia wapi, kwa sababu filamu niliyowaletea ina shujaa wa kike, na kazi ya kuitafsiri ilikuwa yangu. Filamu yenyewe ni Supa Modo ya Mkenya Likarion Wainaina, ya mwaka 2018. Nilikuwa nimeitazama peke yangu wiki moja kabla, nikaipenda, na nikakasirishwa nayo karibu kwa kiasi hicho hicho. Katika makala hii nataka kueleza mambo yote mawili, kisha nieleze jinsi mtoto mmoja alivyonilazimisha kupiga hesabu yangu upya.

Kwa ambao hawajaiona: Jo ni msichana wa miaka tisa anayeumwa ugonjwa usiopona. Anapenda filamu za kupigana na za watu wenye nguvu za ajabu, na katika ndoto zake yeye mwenyewe anaruka angani. Mama yake anamtoa hospitalini na kumrudisha nyumbani kijijini ili siku zilizobaki azimalizie kwao. Dada yake mkubwa, Mwix, anakataa kumwona mdogo wake amelala tu akingoja. Anaanza mchezo: anamfanya Jo aamini kwamba kweli ana nguvu. Mchezo unaanzia mezani na kikopo cha chumvi, unahamia kijijini, na hatimaye majirani wote wanaingia ndani yake, akiwemo Mike, mtu anayewaonyesha wanakijiji filamu. Mwisho wanaamua kutengeneza filamu nzima ambayo nyota wake ni Jo. Yanayofuata sitayasimulia.

Filamu ina dakika 74. Ni kazi ya kampuni ya One Fine Day Films ya Ujerumani pamoja na Ginger Ink ya Nairobi, mpango ule ule uliotupatia Nairobi Half Life mwaka 2012. Ilionyeshwa kwenye tamasha la Berlin mwezi Februari 2018, na baadaye Kenya ikaichagua iiwakilishe katika tuzo za Oscar. Mwezi huo huo wa Februari, Marekani ilitoa Black Panther. Ulimwengu mzima ulizungumza juu ya Wakanda. Juu ya kijiji cha Jo tulizungumza wachache.

Neno shujaa halina jinsia

Naanza na neno, kwa kuwa ndilo lililonitatiza kwanza. Mwalimu wa Kifaransa akitaka kuzungumza juu ya Jo lazima achague kati ya maneno mawili, moja la mwanamume na jingine la mwanamke. Mwalimu wa Kiswahili hachagui kitu. Neno shujaa lilitoka katika Kiarabu, ambako linamtaja aliye jasiri, na lilipofika kwetu likaingia katika utaratibu usiouliza jinsia. "Shujaa amefika" inamtosha Jo kama inavyomtosha Jackie Chan. Kile kiambishi a- hakijui ndevu wala hereni. Kiswahili chetu cha Bunia kimekwenda mbali zaidi: hapa "iko" inatumika kwa mtu na kwa kitu pia, sembuse mume na mke.

Kwa hiyo sarufi haina hatia. Haikumfungia msichana mlango. Hata hivyo watoto saba walijibu wanaume saba. Kilichowaelekeza ni matumizi, si muundo. Sisi wa Kongo tuna sikukuu mbili za mashujaa zinazofuatana, tarehe 16 Januari ya Laurent-Désiré Kabila na tarehe 17 ya Patrice Lumumba. Shuleni mtoto anaimba, anapeperusha bendera, na neno linajaa sura alizoonyeshwa. Neno lisilo na jinsia katika kamusi linapata jinsia katika kalenda.

Hapo ndipo filamu ya shujaa wa kike inapopata kazi ya kufanya katika lugha yetu. Haihitaji kutuletea neno jipya. Inahitaji kutukumbusha kwamba neno tulilo nalo lina nafasi ambayo hatujaitumia.

Kilicho kizuri

Uzuri wa kwanza wa Supa Modo ni kwamba haikumpa Jo misuli. Filamu nyingi za mashujaa wa kike zinaona usawa hivi: mchukue mwanamke, mpe ngumi ya mwanamume, mvalishe nguo ya kubana, kisha mwambie akavunje ukuta. Wonder Woman ya Patty Jenkins, ya mwaka 2017, ina mengi ya kusifiwa, lakini mwishoni jibu lake linabaki kupigana vizuri kuliko yule mbaya. Jo hawezi kumpiga mtu. Nguvu zake zote ziko mikononi mwa watu wengine.

Tazameni tukio ambalo kila aliyeiona filamu hulikumbuka. Jo anaamini kwamba anaweza kusimamisha wakati. Anaamuru, na watu wa kijiji wanaganda pale walipo. Tuliosoma J. L. Austin, kitabu chake cha mwaka 1962 kuhusu kutenda kwa maneno, tunajua kwamba kuna semi ambazo hazielezi jambo bali hulifanya. Padri akisema amewaunganisha mume na mke, wameunganika. Lakini haitoshi padri kufungua kinywa. Lazima watu waliopo wakubali utaratibu huo na kutenda ipasavyo. Jo anasema simama, na dunia inasimama, kwa sababu dunia imekubaliana kusimama. Mtu anaweza kuuita huo uongo. Mimi naona ni karibu zaidi na ndoa, au na kumtawaza mfalme. Hata chifu hana nguvu nyingine isipokuwa hiyo.

Uzuri wa pili ni lugha. Watu wa filamu hii wanazungumza kama Wakenya wanavyozungumza: Kiswahili, Kiingereza na Kikuyu, kimoja kikimshika mkono mwenzake. Hawasemi Kiafrika cha kubuniwa. Jina lenyewe ni somo dogo la fonolojia. Supa tunaijua. Modo mimi naisoma kama neno la Kiingereza lililofungwa kwa irabu ili lipite katika mdomo wetu. Lakini tazama irabu yenyewe: tunasema koti, boti, noti, kwa hiyo tungetegemea modi. Ile o ya mwisho haikuwekwa na kanuni. Imewekwa na mchezo, kama mtoto anavyorudia sauti iliyomfurahisha. Jina la shujaa huyu linasikika kama limebuniwa uwanjani na watoto, na ndivyo lilivyopaswa kusikika.

Linganisheni na jinsi wengine walivyotuazima. Mwaka 1975 waandishi wa komiki wa Marekani walimbuni mwanamke mweusi anayetawala radi na upepo, yule Storm wa kundi la X-Men, ambaye mama yake ni Mkenya. Walimpa jina Ororo, na wasomaji wakaelezwa kwamba maana yake ni uzuri. Kila mwanafunzi wa kitivo hiki anajua kwamba -ororo ni laini: ngozi nyororo, sauti nyororo, mkono mwororo. Mwenye kupiga radi ameitwa Laini, na karibu miaka hamsini imepita. Katika Black Panther mambo yalikuwa bora, kwa sababu watu wa Wakanda walipewa lugha ya kweli, isiXhosa. Lakini hata huko isiXhosa inasikika kwa vipande, na mambo mazito yanasemwa kwa Kiingereza chenye lafudhi. Kijiji cha Jo hakikuazima lugha kwa ajili ya kamera. Kimeletwa na lugha zake.

Uzuri wa tatu unaonekana ukiiweka filamu kando ya masimulizi yetu wenyewe. Chukueni Mwindo, shujaa wa Wanyanga wa huku huku mashariki mwa Kongo, ambaye kisa chake kilitoka kinywani mwa msimulizi She-Karisi Rureke na kuchapishwa mwaka 1969 na Daniel Biebuyck pamoja na mwanaisimu wetu Kahombo Mateene. Baba yake Mwindo alikuwa ameamuru wake zake wazae wasichana tu. Mwindo akazaliwa mvulana, akitembea na kusema siku hiyo hiyo, na baba akajaribu kumwua. Alifungiwa ndani ya ngoma, ngoma ikatupwa mtoni. Aliyempokea na kumtoa ni shangazi yake, Iyangura. Baadaye, alipomfuata baba yake kuzimu, aliyemwonya juu ya mitego ni msichana, Kahindo. Bila Iyangura na bila Kahindo, kisa cha Mwindo kinaishia ndani ya maji. Lakini kisa kina jina la Mwindo. Hata huko pwani, Fumo Liongo alitoka gerezani kwa tupa ambayo mama yake aliificha ndani ya mkate, na sisi tunamsoma Liongo.

Katika masimulizi haya wanawake wanasaidia, na mvulana anaitwa shujaa. Supa Modo imeugeuza mpango huo. Safari hii anayesaidiwa ni msichana, na wanaotumia akili zao, muda wao na aibu yao kumnyanyua ni kijiji kizima, wanaume wazima wakiwamo. Mwanamume wa kijijini kujifanya mwizi ili mtoto wa kike apate kumkamata mbele ya watu si jambo dogo. Nimeishi miaka 24 na sijaona wengi ambao wangekubali.

Kilicho dhaifu

Sasa hasira yangu.

Udhaifu wa kwanza: Jo anaruhusiwa kuwa shujaa kwa sababu anakufa. Ondoa ugonjwa, na kijiji hakina sababu ya kusimama. Msichana mzima wa miaka tisa, mwenye afya, anayetaka kusimamisha wakati, angeambiwa akachote maji. Filamu haijiulizi swali hilo hata mara moja. Na si yenyewe tu. Katika Wakanda Forever ya Novemba 2022, Shuri anavaa vazi la Black Panther baada ya kaka yake kufa, na tunajua kwamba hata nje ya filamu ni kifo cha mwigizaji Chadwick Boseman kilichoifungua nafasi ile. Inaonekana bado tunahitaji jeneza ili mlango ufunguke: la kaka, au la msichana mwenyewe. Ushujaa wa Jo ni zawadi ya kuagana. Zawadi ni nzuri, lakini zawadi si haki.

Udhaifu wa pili: kijiji ni chema mno. Ni kweli mama anapinga mchezo mwanzoni, na upinzani wake ni sehemu yenye uzito kuliko zote, kwa sababu anayesema mtoto mgonjwa apumzike hakosei. Lakini majirani? Hakuna aliye na deni na jirani yake, hakuna wawili waliogombana juu ya mpaka wa shamba, hakuna anayesema "mimi na nyumba ile hatusalimiani". Mimi nimekulia Ituri. Najua jinsi watu waliokunywa maji ya kisima kimoja wanavyoweza kuacha kusalimiana, na jinsi yanavyofuata mabaya kuliko hayo. Kijiji kinachokubaliana kirahisi hivyo kinanifurahisha kama hadithi, lakini hakinifundishi kukubaliana. Ningependa kumwona mtu mmoja tu ambaye ilimgharimu kusimama.

Udhaifu wa tatu, na ndio ulionikera zaidi: Mwix. Yeye ndiye aliyebuni mchezo. Yeye ndiye anayewashawishi watu na kubeba siri. Jo anaruka, Mwix anashikilia kamba. Filamu inampenda, lakini haimwiti kwa jina linalomstahili. Imemgeuza Mwindo kuwa msichana, na hapo hapo ikamwacha Iyangura palepale alipokuwa. Niliandika sentensi hiyo kwenye daftari langu usiku ule wa kwanza, nikaipigia mistari miwili chini yake, nikaona nimeimaliza filamu.

Kuna lawama ya nne ambayo si yangu. Mwenzangu mmoja wa mwaka wetu anasema filamu inafundisha kuwadanganya watoto, na kwamba mtoto anayekufa ana haki ya ukweli. Tulibishana mpaka mlinzi akatufungia geti. Nakubaliana naye kuhusu haki. Sikubaliani kwamba mchezo ni uongo, kwa sababu niliyoitoa hapo juu: tendo ambalo watu wote wamekubaliana kulifanya limefanyika. Lakini nakiri kwamba sikuwa na jibu kamili mpaka ile Jumapili.

Siku ya mvua

Turudi kwenye mkeka. Kazi ya kutafsiri filamu papo kwa papo si ngeni katika ukanda huu. Watanzania walikuwa na Lufufu, Wakenya wana DJ Afro, Kampala kuna VJ Jingo, na watoto wa Bunia wamekua wakiwasikia wengine wa namna hiyo kwenye vyumba vya video. Nilikaa kando ya skrini nikazungumza juu ya sauti za waigizaji. Kiswahili cha Nairobi kimeoana na Kiingereza, chetu kimeoana na Kifaransa na Kilingala, na watoto walihitaji daraja. Shujaa niliiacha shujaa.

Kati ya wale saba alikuwepo mpwa wangu. Ana miaka kumi. Alifika Bunia akiwa mdogo sana, kutoka upande wa Djugu, amebebwa mgongoni na dada yake ambaye wakati ule alikuwa na miaka kumi na mitano. Ananiita mama mdogo. Maneno yake nayaandika kama alivyoyasema. Hatuna sababu ya kumsahihisha.

Tulipofika pale watu wanapoganda, watoto walicheka sana. Wawili walisimama na kuganda nao, mguu juu. Mpwa wangu hakucheka. Alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa: "Sisi pia tulisimamaka vile. Lakini haikukuwa muchezo."

Nilisimamisha filamu. Wenzake walidhani betri imekwisha. Nilimwuliza kama anataka tuache. Akasema hapana, akauliza swali lake: "Bale batu banajua kama beko banadanganya?" Nikamjibu ndiyo, wanajua, wote wanajua. Akafikiri kidogo. "Basi ni bazuri," akasema. "Endelesha."

Hilo ndilo jibu ambalo sikuweza kumpa mwenzangu getini. Kwa mtoto huyu, tofauti haikuwa kati ya ukweli na uongo. Alikwisha kuona watu wazima wakisimama bila kupumua, kwa hofu. Sasa aliwaona watu wazima wakisimama bila kupumua kwa ajili ya mtoto. Alitaka tu kuhakikisha kwamba wanajua wanachofanya. Na kile nilichokiita udhaifu wa pili, wema uliozidi wa kijiji, yeye hakukiona udhaifu. Mimi nilitaka filamu ifanane na Ituri. Yeye Ituri anayo. Alitaka kuona kitu kingine.

Sisemi kwamba mtoto akifurahi mhakiki anyamaze. Bado naamini filamu ingekuwa na nguvu zaidi kama jirani mmoja angekuwa na sababu ya kukataa, na akaja. Lakini nimejifunza kuuliza kwanza ni nani anayetazama, na ametoka wapi kabla ya kukaa kwenye mkeka.

Siku tatu baadaye niliwauliza tena lile swali la mwanzo. Shujaa ni nani? Sita walisema Jo. Sita kati ya saba, wavulana wakiwemo. Kwa dakika 74 filamu ilikuwa imefanya kitu ambacho masomo ya uraia hayajafanya kwa miaka. Hilo naliandika upande wa faida, kwa herufi kubwa.

Wa saba alikuwa mpwa wangu. Alikuwa amesahau jina. "Ule mukubwa wake," alisema. Mwix? "Ndiyo, ule." Nikamwuliza kwa nini yeye. Akaniangalia kama mtu anavyomwangalia mwalimu anayeuliza jambo la wazi. "Juu yeye ndiye alibakia."

Kwa hiyo udhaifu wangu wa tatu naufuta nusu. Filamu haikumficha Mwix. Ilimweka mahali ambapo anayejua kutazama atamwona, na mtoto aliyebebwa mgongoni na dada yake anajua kutazama. Nusu nyingine siifuti. Watoto sita hawakumwona, na hao ndio wengi, na filamu ya watoto haipaswi kungoja mtazamaji awe amekimbia vita ndipo amtambue anayeshikilia kamba.

Kwa wasomaji wa kitivo

Tunasoma isimu ya lugha za Kiafrika katika mji ambao mtu anaweza kusikia Kiswahili, Kilendu, Kihema, Kialur, Kibira na Kilugbara kabla ya saa nne asubuhi. Tunahesabu ngeli, tunachora matawi ya sentensi, na ni vizuri. Lakini neno shujaa linajazwa kila siku masikioni mwa watoto wetu, na wanaolijaza si sisi. Ni redio, ni skrini, ni gwaride.

Napendekeza mambo mawili yasiyo na gharama kubwa. La kwanza, kila mwanafunzi anayekusanya masimulizi kwa ajili ya kazi ya mwisho aongeze swali moja kwa msimulizi wake: ni nani katika kisa hiki aliyefanya kazi bila kisa kuitwa kwa jina lake? Akina Iyangura ni wengi kuliko tunavyodhani, na bibi wanaowajua wametawanyika, baadhi yao katika kambi za wakimbizi zilizo umbali wa kutembea kwa miguu kutoka hapa. La pili, tuonyeshe Supa Modo hapa kitivoni kwa watoto wa mtaa, ikisimuliwa kwa Kiswahili chao na wanafunzi wetu wenyewe. Ni zoezi la tafsiri kuliko yote niliyowahi kupewa darasani.

Filamu ninayo, na kompyuta ninayo. Kinachokosekana ni ukumbi na umeme wa saa mbili. Mpwa wangu ameomba kuja tena. Safari hii anataka kumleta dada yake.